Msikilizaji wa Chumba cha Nyuma

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimekula, nimeshiba, na akili zangu zote ziko kichwani. Sikuota. Sikuambiwa na jirani wa jirani. Ukinikuta kesho hapa Lubumbashi nitakusimulia vilevile, na ukinipeleka mbele ya padri nishike Biblia, nitaishika. Najua watu wa kazi yangu hawapendi habari za namna hii. Hata mimi sikuzipenda.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Sina duka. Wananipigia simu, nabeba mfuko wangu mgongoni, naenda nyumbani kwao. Mara nyingi ni virusi, skrini iliyopasuka, au chai iliyomwagika. Babu yangu alikuja huku kutoka Kasai, mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, na mama yangu alitulea kanisani. Habari za mizimu kwetu zilikuwa za kuchekesha tu. Nilichoamini ni kwamba shida ya mashine ina sababu, na ukikaa nayo bila haraka utaiona. Hata leo bado naamini hivyo. Karibu hivyo.

Sasa sikiliza. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati jakaranda zinaanza kumwaga maua yake barabarani, nikapigiwa simu na mama mmoja wa mtaa wa Makomeno. Sauti yake ilikuwa kama mtu anakunja karatasi. Nikadhani simu yangu ndiyo mbovu.

"Non, mutoto wangu, simu yako iko muzuri," akasema. "Ni mi njo niko hivi. Balinipasua mu shingo. Kuja tu, utanisikia."

Jina lake nitamwita Mama Veronika. Alikuwa mwalimu maisha yake yote, na sasa alikuwa mjane. Mume wake, fundi wa reli, alikuwa amefariki wakati wa mvua iliyopita, na miezi michache baadaye yeye mwenyewe akaugua koo, akapasuliwa, sauti ikabaki mnong'ono. Nilimkuta barazani kwake, kitambaa kizuri cha bluu shingoni, akanikaribisha kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Umewahi kuzungumza na mtu anayenong'ona? Basi unajua: dakika moja tu na wewe pia unaanza kunong'ona. Ndivyo ilivyonitokea. Tukaingia sebuleni tukizungumza kama watu walio karibu na mtoto aliyelala.

"Hii mashini haitaki kulala," akaniambia, akinionyesha laptop juu ya meza. "Asubuhi inazima bila matata. Lakini mangaribi, saa ile jua inashuka, inakatala. Na sauvegarde, ile kopi ya kuchunga, pia inakatala."

Nikajaribu kuizima. Kweli, ikaleta maneno yale ambayo pengine hata wewe umeyaona: mtu mwingine bado anatumia mashine hii, ukiizima sasa, atapoteza kazi yake. Nikacheka kidogo. Nikamwambia hiyo si kitu, mama, kuna simu au televisheni humu ndani imeshika mtandao wako. Nitaitafuta.

Kwanza nikamuuliza ndani yake kuna nini anachotaka kuhifadhi. Hapo uso wake ukabadilika. Binti yake aliolewa Zambia, huko Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Sakania, na wajukuu wanakua na Kibemba na Kiingereza, Kiswahili kinawatoka. Basi kabla ya koo kuharibika, Mama Veronika alikuwa anakaa mbele ya laptop mchana na kuwasimulia habari za maisha yake. Jinsi alivyokua kaskazini. Jinsi shule ilivyokuwa. Jinsi walivyosafiri kwa treni. Kila habari ni faili moja ya sauti. Mpwa wake aliziweka zote kwenye diski ya mtandao, yaani kile kisanduku kinachokaa peke yake nyumbani na kompyuta inakifikia kwa wifi. Kilikuwa kwenye chumba cha nyuma.

"Ile njo sauti yangu," akasema. "Ile ya kweli. Hii ingine unasikia hapa, mi siijue ni ya nani."

Unaelewa? Asingeweza kurekodi tena. Na nilipoichunguza ile diski kutoka kwenye laptop, nikaona mambo mabaya. Ilikuwa inakufa. Inasoma kidogo, inasimama, inasoma tena. Nikiipa wiki nitakuwa nimeipa nyingi. Ilibidi nitoe nakala ya kila kitu siku ile ile. Nikaanza. Faili zikapita, zikapita, halafu nakala ikasimama kwenye faili moja, ikagoma: inatumika na mtu mwingine. Nikaanza upya. Ikasimama pale pale.

Nikazima simu yake. Nikazima yangu. Nikachomoa televisheni. Nikabadilisha neno la siri la wifi ili jirani yeyote aliyejiunga atupwe nje. Halafu nikafungua orodha inayoonyesha nani ameshika faili gani. Ilionyesha faili ile moja, imefunguliwa, inasomwa. Mahali pa jina la mtumiaji palikuwa peupe, hapana hata herufi.

Ningeweza kumkata kwa nguvu. Kuna kitufe chake, unabonyeza na kila aliyeshika anaachishwa. Lakini diski gonjwa ukiikata katikati ya kusoma unaweza kuiua pale pale. Nikaona bora niende nikaiangalie kwa macho. Mama Veronika alikuwa jikoni anapika chai. Nikapita kwenye ujia mwembamba, nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Mzee mmoja alikuwa amekaa pale.

Alikuwa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, amevaa sweta ya rangi ya kahawa yenye kiraka kwenye kiwiko, jua la alasiri likimpiga begani. Kisanduku cha diski kilikuwa mezani mbele yake, kinafanya tik, tik, nyamaza, tik. Alikuwa ameinamisha kichwa kukielekea kama mtu anayesikiliza habari za mpira kwenye redio ndogo. Je, niliogopa? Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilijua ni kaka wa marehemu, au shemeji aliyekuja kutoka Kambove kukaa na mjane. Nyumba gani ya kwetu haina mzee chumba cha nyuma? Nilifurahi, kwa kweli. Nikajisemea, mtumiaji wangu ndiye huyu, ana simu mfukoni na kisikilizio kwenye sikio lile nisiloliona.

"Jambo yenu, papa," nikanong'ona, kwa ile desturi niliyoipata sebuleni.

Hakugeuka. Aliinua kidole. "Ngoja kiloko, mutoto. Anafika pale kuku inatoroka."

"Kuku gani, papa?"

"Kuku ya mama yake! Mu treni. Banatoka Kamina, banakuja huku. Kuku inaruka juu ya bantu, kila muntu anapiga makelele. Na mi nilikuwa kijana wa reli, ninapita na taa yangu." Alizungumza polepole, kwa furaha, macho yamefumba nusu. "Sasa sikia. Sasa anasema juu yangu." Akatabasamu. Halafu akashtuka kama mtu aliyeonewa. "Ona huyu! Anaambia batoto eti nilianguka! Mi sikuanguka. Niliteleza."

Mimi sikusikia kitu ila tik ya diski. Lakini alichekesha, nikacheka naye. Kisha nikachuchumaa karibu yake na kumweleza, kwa sauti ile ile ya chini. Nikamwambia hiki kisanduku kinaharibika, papa. Kikifa, kinakufa na kila kitu. Nataka kutoa nakala, lakini siwezi kama wewe umeshika hii habari ya kuku.

Akafungua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya mtu mpole sana.

"Na sauti yake? Inaenda pia?"

"Inaenda, papa. Na mama hawezi kusema upya. Unajua mwenyewe."

"Ninajua. Ninamuona. Sasa anasema nusu na mikono." Akakitazama kisanduku jinsi mtu anavyotazama sahani ambayo bado hajaimaliza. "Nikiachilia, utanirudishia?"

"Nitakurudishia, papa. Hapa hapa juu ya meza."

Akachukua mkono wangu na kuushika kwa mikono yake miwili. Watu husema hao wana mikono ya baridi. Uongo. Ilikuwa ya moto, migumu, ya mtu aliyeshika chuma tangu ujana.

"Basi fanya mbio," akasema. "Na uambie Kamama: sikuanguka."

Nikarudi sebuleni. Kwenye orodha ile faili haikuwepo tena. Nikaanzisha nakala, na safari hii ikapita pale ilipokuwa inagoma, ikaendelea. Mama Veronika akaingia na sinia ya chai na mikate ya mafuta.

"Mama, nimempata," nikamwambia. "Kumbe ni papa yule wa chumba cha nyuma alikuwa ameshika. Ameachilia sasa."

"Papa gani?"

"Yule mzee. Mwenye sweta ya kahawa."

Aliiweka sinia chini taratibu sana. "Mutoto wangu, mu hii nyumba tuko mi na weye tu."

Nikamweleza yote: kiti, dirisha, kiraka kwenye kiwiko. Yeye hakupiga kelele, hakufanya ishara ya msalaba. Aliniuliza kitu kimoja ambacho sikukitegemea.

"Ulisema naye namna gani? Ulipandisha sauti?"

"Hapana, mama. Tulinong'ona tu."

Akatikisa kichwa, na nikaona kama moyo umemvunjika kidogo. "Basi haiko yeye. Bwana yangu alikuwa kiziwi. Nyundo za atelier ya reli, kule banatengeneza treni, zilimaliza masikio yake tukingali bijana. Hata ningelia karibu naye, hakuwa anasikia. Wakati nilikuwa ninarekodi, alikuwa anakaa hapa mbele yangu, anaangalia midomo yangu. Nikienda mbio, anapotea. Lakini hakuondoka. Anakaa tu, ananiangalia mpaka mwisho."

Sikujua kama niseme au nisiseme. Nikasema. "Ameniagiza nimwambie Kamama kwamba hakuanguka. Aliteleza."

Akavuta kiti, akakaa.

Kamama. Baadaye aliniambia kwamba jina hilo hata watoto wake hawalijui. Mume wake alimwita hivyo wakiwa wawili tu, mlango umefungwa, tangu safari ile ya treni ambapo kijana mwembamba wa reli alimkimbiza kuku wa mama mkwe wake wa baadaye na kuishia chini katikati ya mabehewa. Yeye siku zote alisema alianguka. Mume siku zote alikana. Walizeeka na ubishi huo.

Tulikwenda pamoja kule nyuma. Mimi nilibaki mlangoni, sina aibu kukwambia. Dirisha lilikuwa na vyuma vyake. Ujia ulikuwa mmoja tu, ule uliopita mbele ya meza yangu. Kiti kilikuwa kitupu. Mama Veronika aliingia bila woga wowote, akaweka kiganja chake juu ya kiti, akakaa.

"Kiko na joto," akasema.

Inawezekana lilikuwa jua. Mimi nakueleza tu alichosema.

Akakaa pale, mkono wake juu ya kisanduku kinachotoa tik, tik. Kisha akaongea, na ilibidi nisogee ndani ili nimsikie. "Wakati nilikuwa na sauti, yeye hakuwa na masikio. Sasa yeye iko na masikio, mi sina sauti." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Mungu naye, saa zingine!"

Tulingoja nakala iishe, yeye kule nyuma na mimi nikienda na kurudi kati ya laptop na mlango. Umeme ulikatika katikati, kama kawaida yetu, nikadhani tumekwisha, lakini betri ndogo inayolisha kisanduku na wifi ilishika. Faili za mwisho zilikuja moja moja, kwa taabu, kama maji ya bomba wakati wa ukame. Ilipoingia ya mwisho, kisanduku kilitoa mlio mrefu mwembamba, kikanyamaza. Hakijawaka tena mpaka leo.

Nikaizima laptop. Ikazimika mara moja, bila neno.

Unadhani tulishangilia? Mama Veronika aliitazama ile skrini nyeusi. "Sasa nimemukatia," akasema.

Niliondoka mbio. Nilikuwa nimeahidi, si ndiyo? Nikaenda mjini, nikapata kisanduku kingine, nikarudi jua likingali juu ya ukuta. Nikakiweka juu ya meza ile ile, mbele ya kiti kile kile, nikaingiza faili zote. Tukasubiri. Hakuna kilichotokea. Siku iliyofuata vilevile. Mama akawa ananipigia kila jioni, na nadhani ndiye mteja wangu wa pekee aliyewahi kunipigia kulalamika kwamba mashine yake inafanya kazi.

"Inalala muzuri," ananiambia, na ule mnong'ono wake unanikata maini. "Inalala tu muzuri."

Halafu siku moja akaniita asubuhi, kwa haraka. Alikuwa ametuma zile nakala mpya Ndola, na mjukuu wake mkubwa, msichana, alikuwa amempigia bibi yake kuuliza: kambo, ni nani huyu anacheka?

Nikaenda. Tukafungua habari ya kuku kutoka kwenye kisanduku kipya, tukaweka sauti juu. Nikaisikia kwa mara ya kwanza sauti ya Mama Veronika ya zamani: nzito, tamu, sauti ya mwalimu anayejua darasa liko mkononi mwake. Treni inatoka Kamina. Kuku anajikwamua kwenye kamba. Anaruka. Na hapo, nyuma ya sauti yake, karibu na kinasa sauti, mwanaume akacheka. Kicheko cha chini, chenye mkwaruzo, cha mtu ambaye hajacheka kwa kusikia kitu kwa miaka mingi na hajui tena kukipima. Alicheka pale penyewe pa kuchekwa. Na mama alipofika pale anaposema kijana wa reli alianguka, tulisikia msonyo. Wazi kabisa. Msonyo mrefu wa mzee aliyeonewa.

Yule msichana wa Ndola anazo pia rekodi za zamani kwenye simu yake, zile alizotumiwa kabla babu yake hajafa. Nilimwomba anitumie. Nimezisikiliza kwa umakini wa kazi yangu, mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Hamna kicheko. Ni mama peke yake na ndege wa nje.

Mama Veronika alicheka siku ile mpaka mabega yakatetemeka, bila sauti, machozi yanamtiririka. Tukasikiliza nyingine na nyingine mpaka jua likaanza kushuka. Nilipotaka kufunga kazi na kuizima laptop, ikaleta maneno yake: mtu mwingine bado anatumia mashine hii.

Akafunika mkono wangu kwa mkono wake. "Acha," akasema.

Tangu hapo hatujaigusa tena hiyo shida. Naenda kumsalimia mara kwa mara, si kwa kazi. Na kuna jambo ambalo wanawe hawajui. Yeye aliyeapa kwamba hakuna mtu atakayeirekodi ile sauti yake iliyovunjika, ameanza kurekodi tena. Kila mchana anakaa chumba cha nyuma na kusimulia kwa ule mnong'ono wake, maneno mengine hayatoki kabisa. Nilimwambia, mama, wajukuu hawatasikia kitu humu.

"Haiko ya batoto," akanijibu.

Mimi nimebadilika. Wateja wengine wanasema nimekuwa mzito wa kazi. Nikifika kwenye nyumba yenye msiba mpya, siwashi kitu wala sizimi kitu kabla sijauliza ni nani alikuwa anakaa wapi. Na wewe unayenisikiliza, usinicheke, shika hili moja tu. Siku mashine yako itakapokuambia kuna mtu bado yumo, tafuta simu, tafuta televisheni, tafuta jirani, fanya yote anayofanya fundi. Lakini ukishamaliza na bado mahali pa jina ni peupe, tafadhali usibonyeze kwa nguvu. Nenda mpaka kwenye chumba chenyewe. Gonga. Zungumza taratibu, hata kama unajua kwamba alikuwa hasikii. Na mwache amalize.